Nyundo Haifundishi

Jumatatu moja nikiwa kidato cha tatu, bendera ishapandishwa na wimbo wa taifa ushaisha, deputi alituambia tusitoke. Viranja wakaja na gunia, wakalimwaga pale mbele kwenye saruji, simu 11 zikatoka. Nyingi zilikuwa katululu za batani, zile chaji inakaa wiki nzima. Tatu zilikuwa simu janja. Deputi akaitisha nyundo ya fundi wa shule, akapiga goti moja kama mtu anayetaka kubadilisha gurudumu, akatuangalia.

"Leo," akasema, "mtafunzwa matumizi mema ya teknolojia."

Akaanza kugonga. Mwanzoni tulicheka, kwa sababu kuna katululu kamoja kalikataa katakata kuvunjika. Kila kakigongwa kanaruka kando. Halafu ikafika simu ya besti yangu, na kicheko kikaisha. Sote tulijua ilikuwa ya mamake. Tulijua pia mamake anauza nini sokoni na anarudi nyumbani na ngapi. Besti akapewa wiki mbili za kukaa nyumbani. Sisi wengine tukaenda darasani, vipindi viwili vya hesabu.

Hilo ndilo somo pekee la teknolojia nililopewa katika miaka minne ya sekondari. Maabara ya kompyuta tulikuwa nayo, usidhani. Ilifunguliwa wageni wakija.

Naandika haya kwa sababu siku hizi haipiti wiki bila mtu mzima kusimama mahali na kusema vijana wafundishwe kutumia teknolojia kwa uwajibikaji. Waziri anasema, askofu anasema, mjumbe anasema kwenye mazishi. Na mimi nakubali, tena kwa mikono miwili. Swali langu ni dogo tu: nani atafundisha, na atafundisha nini? Kwa sababu mpaka sasa shule zetu nyingi zinajua mbinu moja, nayo ni nyundo. Nyundo haifundishi. Inaahirisha tu siku ya kufundishwa, halafu siku hiyo ikifika, mwalimu anakuwa mtu mwingine kabisa.

*

Wangu alikuwa kandege.

Nilimaliza KCSE mwaka wa 2019. Kufikia Krismasi nilikuwa na simu janja yangu ya kwanza, zawadi ya mjomba. Nikafikisha miaka 18, nikapata kitambulisho, nikasajili laini kwa jina langu. Hapo ndipo kitu ambacho deputi hakuwahi kunionya kikatokea: watu wakaanza kunitafuta. Meseji ya mkopo ambao sikuomba. Meseji ya bonasi, weka dau la kwanza bure. Hakuna aliyeuliza kama nimefunzwa. Wote walijua sijafunzwa, na hiyo ndiyo ilikuwa biashara.

Kandege mnakajua, hata bila kutaja jina la mchezo. Kanapaa, nambari inapanda, mara moja na nusu, mara mbili, mara tano, na kazi yako ni kubonyeza utoe pesa kabla hakajapotea. Hakahitaji kujua mpira wala farasi. Raundi moja inaisha kabla hujamaliza kupiga mwayo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wangu ulikuwa na rangi nzuri, ulikuwa wazi saa 24, na ulikuwa na subira na mimi kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye.

Nikaingia kampasi. Pesa za HELB zikaingia kwa akaunti, nikala elfu mbili za faida usiku wa kwanza, nikanunulia mbogi yangu kuku. Semista ya tatu nilikuwa nimeliwa karo. Nikakopa kwa aplikesheni moja kulipa nyingine, halafu ya tatu kulipa zile mbili. Mwaka wa pili haukuisha nikiwa mwanafunzi.

Kosa ni langu. Hakuna aliyenishika kidole akakibonyezesha kwenye skrini, na sitaki pole ya mtu. Lakini kuna kitu kimoja kilinifungua macho, na ndicho chanzo cha makala haya.

Siku moja, nikiwa nimechelewa kulipa mkopo mmoja, nilipigiwa simu na deputi. Yule yule. Namba yake nilikuwa nayo kwa sababu nilimpigia nikienda kuchukua cheti changu cha KCSE. Alikuwa amepokea meseji ikisema mimi ni mdaiwa sugu na anishauri nilipe haraka. Shangazi alikuwa ameipata. Kiongozi wa darasa letu kampasi alikuwa ameipata. Hata fundi aliyewahi kututengenezea jiko alikuwa ameipata.

"Kijana," deputi akasema, "hii ni nini? Wewe ulikuwa mtu wa nidhamu."

"Pole, mwalimu. Nitalipa."

"Na hawa watu wametoa wapi namba yangu?"

"Kwa simu yangu, mwalimu. Nilikubali."

"Ulikubali nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimebonyeza neno *Kubali* siku ya kwanza, kwa haraka, kama vile kila mtu hubonyeza. Nikamwambia, "Sijui, mwalimu."

Akanyamaza. Nilidhani amekata simu. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini sana, kama mtu amesimama kando ya ofisi ya walimu: "Yaani hata mimi nikikopa huko, wanachukua namba za walimu wenzangu?"

Nilikaa na hilo swali siku nyingi. Mtu aliyevunja simu 11 kutufunza matumizi mema ya teknolojia alikuwa hajui simu yake mwenyewe inafanya nini. Sikumcheka, na hata sasa simcheki. Na yeye nani alimfunza?

*

Sasa tuje kwa kile kinachofundishwa.

Mwaka wa 2013 tuliahidiwa kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza atapata laptopu. Kufikia 2016 ahadi ilikuwa imegeuka kuwa tabuleti, na zikaanza kusambazwa katika shule za msingi za umma. Zaidi ya milioni 1 zilitolewa. Mtaala mpya nao ukaja na umilisi 7 wa kimsingi, mmoja wao ukiwa ujuzi wa kidijitali. Kwa hivyo kwenye karatasi tuko mbele sana. Ukisoma karatasi zetu bila kutembelea shule zetu, utadhani tuko Singapore.

Mdogo wangu ni zao la mtaala huo. Nilipekua daftari lake nione ameandikiwa nini kuhusu intaneti. Usimpe mtu nywila yako. Usiongee na watu usiowajua. Usitukane wengine. Usiangalie picha mbaya. Yote ni kweli na yote ni muhimu, sibishi. Lakini tazama orodha hiyo tena: kila hatari ndani yake inatoka kwa mtu mbaya aliyejificha mahali, au kwa mtoto mwenyewe akikosa adabu. Hakuna hata sentensi moja inayosema kwamba hatari inaweza kutoka kwa kampuni yenye leseni, yenye tangazo redioni, yenye jezi kifuani mwa timu unayoipenda. Matumizi mema yamefanywa kuwa tawi la nidhamu, pale pale na kuchomekea shati.

Na nidhamu hiyo ni ya watoto peke yao. Shule inayomfukuza mtoto kwa kupatikana na simu ndiyo hiyo hiyo inayompiga picha akiimba, akila, akipokea zawadi, kisha inamweka Facebook akiwa na jina na darasa, kutafuta wateja wa muhula ujao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema data ya mtoto haishikwi hivi hivi bila idhini ya mzazi au mlezi. Septemba 2023, Kamishna wa Data alitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Wiki hiyo hiyo kampuni moja ya mikopo ya simu ikatozwa 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kutuma vitisho. Soma hizo faini mbili tena: shule ililipishwa zaidi ya wale wa mikopo. Sasa niambie ni nani alihitaji somo la matumizi mema, mwanafunzi ama mwalimu mkuu?

Tukija kwa mitihani, hadithi ni ile ile. Msimu wa KCSE ukifika, karatasi za kweli na za uongo huanza kuuzwa kwa vikundi vya Telegram. Wanaokamatwa wakiuza mara nyingi ni watu wazima. Wanaotuma pesa mara nyingi ni wazazi. Mtoto wa kidato cha nne hana hata simu, si mliivunja?

*

Najua kuna mwalimu anasoma hapa na damu inamchemka. Naomba nimsikize.

Ataniambia: wewe hujawahi kusimamia darasa la watoto 60 na simu mifukoni. Hujawahi kukuta video ya msichana wa kidato cha pili imezunguka bweni zima kabla ya chakula cha jioni. Hujawahi kuita mzazi ukamweleza. Ni kweli, sijawahi. Mwalimu wa Kenya amepewa tabuleti bila bando, mtaala bila mafunzo ya kutosha, na lawama zote. Nyundo ni kifaa cha mtu ambaye hajapewa kifaa kingine.

Ataniambia pia kwamba hata wazungu wanapiga marufuku. Kweli. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka wa 2018 kuzuia simu katika shule za msingi na za kati. Ripoti ya UNESCO ya 2023 ikaonya kwamba simu darasani huvuruga masomo, na ikataka teknolojia itumike pale tu inaposaidia kujifunza. Sina ugomvi na hilo. Simu na kipindi cha hesabu havipatani. Mimi ni shahidi, na hata kuandika aya hii nimeweka yangu chini ya mto.

Lakini mtoto wa Ufaransa anatoka shule jioni, anaenda nyumbani, anachukua simu yake. Anakosea kidogo kidogo akiwa na mzazi kando. Mtoto wetu wa bweni anafungiwa muhula mzima, miaka minne, halafu anatoka na kitambulisho na laini na njaa ya miaka minne, siku moja. Finland nayo ni mfano mzuri zaidi. Kule watoto hufundishwa tangu wakiwa wadogo kuchambua habari na matangazo, kuuliza nani ameandika na anataka nini. Na mwaka wa 2025 nchi hiyo hiyo ikaweka sheria ya kuzuia simu wakati wa vipindi. Vyote viwili. Mpaka upo, na somo lipo. Sisi tumechukua mpaka, tukaacha somo, tukaita mpaka somo.

Kuna methali walimu wetu waliipenda: mtoto akililia wembe, mpe. Nimeifikiria sana. Sisi hatukupewa wembe, na hatukufundishwa kunyoa. Tulipokonywa wembe hadi miaka 18, halafu tukakabidhiwa gizani na mtu anayelipwa kwa kila tone la damu.

*

Kuna tatizo lingine, na hili si la shule peke yake. Neno lenyewe, uwajibikaji, limeanza kunuka.

Juni 2024, vijana wa umri wangu walichukua Mswada wa Fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video za dakika moja ili hata nyanya kijijini aelewe mkate umefanya nini. Wakakaa kwa mazungumzo ya mtandaoni hadi usiku wa manane wakiulizana maswali ya katiba. Kama hayo si matumizi mema ya teknolojia, basi sijui tunazungumzia nini. Lakini kutoka majukwaani tuliambiwa nini? Tutumie mitandao kwa uwajibikaji. Juni 24, Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuzima intaneti. Juni 25, intaneti ikasuasua nchi nzima, siku ile ile watu walipigwa risasi mjini.

Mwaka uliofuata, Rose Njeri, mtaalamu wa programu, aliunda ukurasa uliomsaidia Mkenya kutuma maoni yake kwa kamati ya bunge kuhusu Mswada wa Fedha wa 2025. Kushiriki kwa umma, kitu katiba yenyewe inataka. Alikamatwa mwisho wa Mei, akalala seli siku kadhaa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Juni mahakama ikatupa kesi, ikasema mashtaka hayo hayaonyeshi kosa.

Kwa hivyo ukisimama mbele ya vijana na kusema uwajibikaji, elewa kwa nini tunakunja uso. Kandege kalikuwa kakiruka kwa redio asubuhi, mchana na usiku, na mara serikali ilipokasirika, Aprili 2025, ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Siku 30! Wengi tumekopa kwa muda mrefu kuliko huo. Lakini mtu akiandika programu ya kutuma barua pepe bungeni, anatafutwa kwake. Mtoto mwenye macho anaona ni matumizi yapi hasa yanayoitwa mabaya.

*

Sitaki kulalamika halafu niende. Nikipewa darasa la kidato cha tatu wiki moja, bila kompyuta, bila intaneti, chaki tu, nitafundisha hivi.

Jumatatu, somo la *Kubali*. Nitachapisha ile orodha ambayo aplikesheni inaomba kabla haijafunguka: namba za watu, meseji, mahali ulipo, kamera, maikrofoni. Nitamuuliza kila mwanafunzi: tochi inahitaji kujua jina la shangazi yako kwa nini? Nitawaeleza kuhusu Agosti 2023, vijana walipopanga foleni KICC wapigwe picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, wapate sarafu za dijitali za kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Sitawaita wale vijana wajinga, maana walikuwa na njaa na hesabu yao ilikuwa rahisi. Nitawauliza tu: nywila ikiibwa unabadilisha. Jicho je?

Jumanne, hesabu. Tulifundishwa riba kwa mfano wa Bwana Juma aliyekopa anunue ng'ombe. Bwana Juma apumzike. Mkopo wa simu wa shilingi 1,000, ada asilimia 15, siku 30. Kwa mwezi inaonekana 150 tu. Ukiurudia kila mwezi kwa mwaka, umelipa 1,800 kwa kukaa na 1,000, na hiyo 1,000 bado unadaiwa. Halafu kandege. Tuseme mchezo unarudisha shilingi 97 kwa kila 100 zinazochezwa. Inasikika haki kabisa, si ndiyo? Sasa zungusha hizo 100 zote raundi 100, kazi ya usiku mmoja. Zidisha 0.97 kwa yenyewe mara 100. Kwa wastani unabaki na karibu shilingi 5. Hiyo hesabu iko ndani ya silabasi. Nilipata B kwa hesabu na sikuwahi kuifanya, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba namba za kitabuni na namba za usiku ni ndugu.

Jumatano, sheria. Ile ya 2018 ina adhabu ya kumsumbua mtu mtandaoni, ya kusambaza picha za siri za mwenzako. Ile ya 2019 inakupa haki ya kuuliza kampuni ina nini kukuhusu, na ya kulalamika kwa Kamishna wa Data. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zilizilazimisha kampuni za mikopo ya kidijitali kuomba leseni. Mwanafunzi ajue makosa yake na haki zake kwa kipindi kimoja. Sasa hivi anajua makosa pekee, na hayo anayajua vibaya.

Alhamisi, akili bandia, na hapa nitavua viatu kwanza. Nilipoacha kampasi niliishi kwa kuandikia wanafunzi wa Marekani insha. Wengi wenu mnajua hiyo kazi, na wengine mnasoma hii mkiwa na akaunti imefunguka kwa dirisha lingine. Insha moja niliyolipwa ilihusu uadilifu wa kitaaluma. Mwenye insha alipata alama nzuri. Novemba 2022 ChatGPT ikaja, na baada ya miezi wateja wangu wakayeyuka, maana mashine haihitaji kulala wala kula. Miezi miwili tu baada ya ChatGPT kuja, jarida la *TIME* liliripoti kwamba waliosoma na kuweka alama maandishi ya kutisha ili mashine hiyo ijue kuyakwepa walikuwa wafanyakazi wa hapa Kenya, kwa chini ya dola 2 kwa saa. Kwa hivyo sitamwambia mwanafunzi asiiguse. Ataigusa. Nitampa insha iliyoandikwa na mashine kuhusu mtaa wake mwenyewe, nimwambie atafute makosa. Atayapata. Atapata barabara isiyokuwepo na soko lililohamishwa. Akishaona mashine inaongopa kwa lugha nzuri kuhusu kitu anachokijua, ataiogopa vizuri kwa vitu asivyovijua. Hiyo ni tofauti na kuogopa nyundo.

Ijumaa tutakaa bila mada, waulize wanachotaka. Maana ndani ya bweni kuna mtu ametumiwa picha, kuna mtu ametuma, kuna mtu anatishiwa sasa hivi na hajui aambie nani, kwa sababu akimwambia mwalimu, swali la kwanza litakuwa: ulitoa simu wapi? Hilo swali linawanyamazisha watoto kuliko mhalifu yeyote. Shule inayotaka matumizi mema ianze kwa kuahidi jambo moja: ukija na shida, tutashughulikia shida kwanza na simu baadaye.

Siku tano, bila shilingi ya tabuleti. Kinachohitajika ni mwalimu ambaye naye amefunzwa, na ambaye hataaibika kusema mbele ya watoto, "Hata mimi nilibonyeza bila kusoma."

*

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa na barua ya shule ya mdogo wangu, ile orodha ndefu: sanduku la chuma, godoro, blanketi, ndoo, karatasi za chooni. Chini kabisa, kwa herufi nzito, simu ni marufuku na itakayopatikana itaharibiwa.

Tulikuwa na jioni mbili kabla aende. Tukakaa kwa kochi na simu yangu, tukafungua aplikesheni moja moja, tukasoma kila moja imeruhusiwa nini. Ilituchukua muda. Kuna mchezo wa magari ulikuwa unajua mahali ninapolala. Tukauzima. Tukafanya ile hesabu ya kandege kwa kikokotoo, akabonyeza kuzidisha mara 100 mwenyewe, hataki nimsaidie. Alipofika kwa ile tano akaniangalia kwa muda, na nikajua anahesabu karo yangu.

"Na wewe ulijua hii?" akaniuliza.

"Hapana."

Akarudi kwa barua, akasoma ule mstari wa mwisho tena kwa sauti. Halafu akauliza kama nitamwandikia zile sheria mbili kwa karatasi, ya 2018 na ya 2019, aende nazo, kwa sababu karatasi hawavunji.

Nikamwandikia. Zimo ndani ya sanduku, chini ya karatasi za chooni.